Mashoga zangu wanadhani ni chai

Shikamoo Mama Mkubwa.

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Dar es Salaam. Mtaa naomba usiutaje, maana hawa ninaokuandikia habari zao wanaisoma safu yako, na mmoja huwa anatusomea kwa sauti.

Tuko wanawake watano. Tulianza kucheza mchezo mwaka 2011, kila mmoja akitoa shilingi 20,000 kwa mwezi. Sasa tunatoa 100,000. Zamu ya kupokea ikikufikia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wenzio wanakuja kwako tangu asubuhi. Tunapika, tunakula, tunapiga soga, taarabu inalia, tunaagana magharibi. Anayetuona kwa nje anaona pesa, lakini mama yangu alipofariki mwaka 2017 ni hawa wanne waliolala kwangu chini kwenye mkeka siku saba. Niwaite kwa kazi zao: Mwalimu, Mhasibu, Fundi ambaye ni mshonaji, na Genge, ambaye ana genge la mboga na matunda. Mimi ndiye mpishi. Zamu iwe ya nani, sufuria la pilau nilikuwa nalisimamia mimi, ingawa siku hizi nakwepa jiko.

Nilikuwa na kilo 131. Presha, magoti, usiku nakoroma hadi nashtuka pumzi imekata. Mwaka 2019 wenzangu walikwenda Zanzibar siku mbili, mimi nikasingizia mtoto anaumwa. Ukweli niliogopa ngazi za boti na vile viti vyake. Miezi tisa iliyopita mimi na mume wangu tuliuza kiwanja, tukalipia upasuaji wa kupunguza tumbo, huu wanaouita slivu. Wenzangu niliwaaga kwamba nakwenda Mwanza kumuuguza shangazi. Leo nina kilo 92 na presha imetulia.

Anayejua ni mume wangu peke yake. Sikuwaambia wenzangu kwa sababu Mwalimu aliwahi kumsema dada mmoja wa kanisani kwao aliyekata utumbo. Alisema, "Huyo kanunua wembamba, uvivu tu." Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Walipoanza kuniuliza nimefanya nini, nilisema nakunywa chai ya majani. Nilitaja moja inayotangazwa sana kwenye simu, jina lilinijia tu mdomoni. Genge akaenda kuinunua. Ana sukari mwaka wa saba huu, anameza vidonge, na uzito wake unapita hata ule niliokuwa nao mimi. Boksi moja shilingi 65,000, na sasa yuko boksi la nne. Anaharisha, uso umemsinyaa, lakini anasema ndiyo sumu inatoka. Wiki iliyopita alinipigia saa nne usiku akaniuliza, "Wewe ulikuwa unaweka vijiko vingapi?" Nikamjibu viwili.

Fundi naye ananishonea tangu tulipojuana, vipimo vyangu anavyo kichwani. Nilipoanza kupungua niliiogopa futi yake, maana angenivua na kuona makovu. Nikapeleka nguo zangu kwa fundi mwingine Kariakoo. Tulipokutana harusini alinisalimia, akashika pindo la gauni langu, akaligeuza, akautazama mshono. Akasema, "Kashona vizuri." Kisha akaenda kukaa meza nyingine.

Mchezo wa mwezi uliopita ulikuwa kwa Mwalimu. Alinipakulia sahani imejaa, akasema, "Kula shoga, au pilau letu siku hizi sumu?" Nilikula harakaharaka ili waniache. Kijiko cha sita kikakwama hapa kifuani, mate yakanijaa mdomoni, nikakimbilia bafuni. Nilifungulia bomba ili wasinisikie. Niliporudi walikuwa kimya, na Mhasibu akaniuliza polepole, "Shoga, umepima lakini?"

Hii ya kutapika inanitokea kila tukikutana, na siku hizi hata nyumbani mara tatu nne kwa wiki, nimeshaizoea. Magoti bado yananisumbua kidogo, Mhasibu huwa ananipa diklofenaki zake, zinanisaidia.

Nimepata kundi jingine la wanawake waliofanyiwa upasuaji kama wangu, tunakutana Jumapili. Kule sielezi kitu, wanajua. Lakini mazungumzo ni kilo, protini na nywele zinazotoka, na kila tukikutana tunapanda mizani mmoja mmoja. Nilipokwama kwenye kilo 94 wiki tatu nilikaa bafuni nikalia. Nikiwa nao najisikia salama, ila sicheki kama nilivyokuwa nacheka.

Mume wangu anasema mwili ni wangu na siri ni yangu, nihamie kwa hawa wapya niachane na maneno. Mwezi ujao zamu ya kupokea ni yangu, watakuja kwangu wote. Nifanye nini, Mama Mkubwa?

Mpishi

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilisimama kwenye mstari ulioupita haraka kuliko yote, wa kutapika mara tatu nne kwa wiki, umeshazoea. Kabla sijaanza ukungwi hapa, nimekuwa muuguzi wodi ya upasuaji zaidi ya miaka 30, kwa hiyo niachie niongee kama muuguzi kwanza. Hilo usilizoee. Mtu aliyepunguzwa tumbo anaweza kutapika siku moja moja akila haraka au akila kikavu, lakini miezi tisa baadaye, tena nyumbani ambako hakuna anayemlazimisha, inataka kuangaliwa. Inawezekana ni namna unavyokula. Inawezekana pia njia imebana mahali, au tumbo lina kidonda. Daktari atapitisha kamera aone.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, na anayekula kidogo huku akitapika huimaliza bila kujua. Ukiona miguu inakufa ganzi, unayumba ukitembea, unaona vitu viwiliviwili au unachanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na ukifika, wewe au mume wako mwambieni anayekupokea, kabla hajatundika dripu ya sukari, kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo na umekuwa ukitapika, ili vitamini hiyo itangulie. Mume wako alijue hili kwa moyo, kwa sababu siku hiyo huenda wewe usiweze kusema.

Diklofenaki za Mhasibu mrudishie. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinachubua tumbo, na lako sasa ni dogo na lina mshono mrefu. Kwa maumivu ya kawaida parasetamo inatosha; ikishindwa, muulize daktari wako, usiulize mkoba wa shoga yako.

Sasa tuje kwa Genge.

Mume wako ana haki kusema mwili ni wako. Hakuna rafiki anayekudai cheti cha hospitali, na ungesema tu "nimebadilisha ulaji, mengine niachie," nisingekulaumu hata kidogo. Ila wewe ulitaja chai. Tangu Genge atoe shilingi 65,000 za kwanza, jambo hili limetoka kwenye mwili wako limeingia kwenye wake. Sijui boksi lake lina nini ndani, lakini nyingi katika chai hizi zina sanamaki, majani yaleyale waliyotupa bibi zetu tulipofunga choo. Sanamaki inaharisha. Kilo anazoziona zikishuka ni maji na choo, mafuta yako palepale. Akiendelea kuharisha anapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Na yeye ana sukari, anameza vidonge. Kuna vidonge vya sukari ambavyo ukivimeza huku huli vizuri na unaharisha, sukari inaporomoka: jasho, kutetemeka, kuongea ovyo, kuzimia. Amekupigia saa nne usiku kuuliza vijiko. Siku nyingine anayekupigia anaweza kuwa mwanawe.

Kwa hiyo Genge lazima umwambie ukweli, na lazima iwe wiki hii, hata kabla ya zamu yako. Ukimwambia tu "acha ile chai" hataacha. Ataona wewe umeshapungua na sasa hutaki apungue, atanunua la tano kwa siri. Mwendee nyumbani kwake, msiongelee gengeni mbele ya wateja. Mwambie kwa maneno mepesi: "Nilikudanganya. Sikunywa chai hata siku moja. Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, nikaogopa kusemwa. Wewe ukaumia kwa uongo wangu, naomba unisamehe, na twende kliniki yako ya sukari na hilo boksi mkononi." Halafu nyamaza, umwache aseme lake. Huenda akalia, huenda akakufukuza. Akikufukuza, mpigie mwanawe au mumewe umwambie habari ya chai na vidonge, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri hasira ziishe.

Na pesa umrudishie. Boksi nne ni shilingi 260,000. Mwezi ujao unapokea, zitoe humo. Usimwambie "nitakufidia," mpe mkononi. Mwanamke anayeuza mchicha kwa mafungu anajua hasa 260,000 ni mafungu mangapi.

Akitulia atakuuliza kama na yeye anaweza kufanyiwa. Mjibu la kwako tu, mengine mwachie daktari. Lakini jua kwamba swali lake si la kijinga. Kwa mwongozo wa madaktari wa upasuaji huu uliotolewa mwaka 2022, mtu ambaye uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wake kwa mita, na jibu likagawanywa tena kwa urefu huohuo, inatoka 35 na kuendelea anapendekezewa upasuaji hata kama hana ugonjwa mwingine, na mwenye sukari ya aina ya pili anafikiriwa kuanzia 30. Kwa wengi wenye sukari, hali inakuwa nzuri kiasi cha kupunguziwa dawa au kuachishwa kabisa kwa muda. Hapa kwetu pia kuna puto, linaloingizwa tumboni bila kukata na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Hata Hospitali ya Mloganzila wanaliweka. Kila njia ina yake, na hakuna inayomfaa kila mtu. Mpeleke aulize, asikisie tena.

Fundi nimemweka wa pili, na nakuambia kweli, ndiye aliyeniuma moyo. Huenda unadhani alikasirika kwa kukosa hela ya ushonaji. Fundi aliyekupima zaidi ya miaka kumi anaujua mwili wako kuliko dada yako. Aliligeuza lile pindo kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa mwingine. Amekuona unapungua kilo hizo zote, na yeye ambaye kazi yake ni kujua umepungua wapi na kwa inchi ngapi ndiye uliyemficha. Naamini "kashona vizuri" lile aliliwaza usiku kucha.

Kusanya nguo zako zote zinazokuning'inia, madera, magauni, ile suti ya kitenge ya sare yenu kama mnayo, zitie kwenye mfuko mmoja mkubwa, mpelekee. Usitangulize maelezo. Vua, simama, mwache apime. Makovu atayaona mwenyewe, manne au matano madogomadogo, na mazungumzo yataanzia hapo bila wewe kuhangaika kuyaanzisha. Na mwambie asikate sana. Mwili wako bado unashuka. Wengi wanaendelea kupungua mpaka mwaka mmoja, mwaka na nusu, ndipo unasimama. Aache akiba kwenye mshono.

Mhasibu ameuliza kama umepima. Limekuuma, naelewa, maana katika mitaa yetu mtu akipungua ghafla watu hawana jawabu lingine. Lakini angalia aliliuliza vipi. Aliliuliza polepole, usoni kwako, na hakulipeleka kwa jirani. Huyo anakuogopea, na mtu anayekuogopea ukimwacha bila jibu atajitafutia jibu lake. Mwambie, "Nimepima, niko salama, nilifanyiwa upasuaji." Maneno hayo yanamtosha.

Mwalimu ndiye mzito. Alisema kitu kibaya, wewe ukacheka, na kicheko hicho ndicho kimekufunga mdomo miezi tisa. Mimi ningemjibu siku hiyo ya zamu, mbele ya wote, kwa upole. Kama anasema ni uvivu, mwambie ulichoamka nacho siku ya kwanza baada ya kisu, mwambie wiki za kunywa supu iliyochujwa, mwambie vidonge vya vitamini utakavyomeza mpaka unazikwa. Upasuaji wa slivu unaondoa karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na linalobaki lina umbo la ndizi. (Wala utumbo haukatwi, ingawa wote tunasema "amekata utumbo". Wanaoguswa utumbo ni wa upasuaji wa aina nyingine, unaounganisha njia mpya ya chakula.) Sehemu inayotolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Kwa hiyo wewe unaposhiba kwa vijiko vitano hujidai, na kabla ya hapo, ulipokuwa hushibi, hukuwa mlafi. Mwili wako ulikuwa unakudai chakula kwa sauti ambayo Mwalimu hajawahi kuisikia kwenye mwili wake. Na akisema ni mtindo wa matajiri, Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye uzito mkubwa, nusu wamefanyiwa upasuaji na nusu hawakufanyiwa. Miaka ilivyokwenda, waliofanyiwa walikufa wachache kuliko wenzao. Mwambie uliuza kiwanja ili watoto wako wawe na mama.

Siku yenyewe ya zamu, pika. Naona umeanza kurudi nyuma jikoni, kama vile mtu asiyekula pilau hana haki ya kulipika. Wenzako hawajakukosa mlaji, wamemkosa mpishi wao, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Pika lile sufuria lako kubwa lilelile, kaanga vitunguu mpaka viwe rangi unayoijua wewe, onja chumvi kwa ncha ya kijiko. Onja moja haijaza tumbo.

Mkiketi, wewe anza na kitoweo: samaki, yai, maharage, kuku aliyelegea kwenye mchuzi. Mishikaki mikavu iache kwa sasa, hiyo hukwama upesi. Unahitaji kama gramu 60 za protini kwa siku, yai moja ni gramu 6 hivi, kwa hiyo usijaze nafasi hiyo ndogo kwa wali. Wali uje mwisho, ukibaki na nafasi. Tafuna mpaka kilainike kabisa, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, maliza kwa dakika 20 hadi 30. Maji yakae mbali na chakula, yasubiri nusu saa baada ya kula. Na ukisikia ile dalili ya kwanza, kifua kubana au mate kujaa, ndiyo mwisho wa mlo wako, hata kama sahani ina nusu.

Mkila kwenye sinia ni rahisi zaidi kwako kuliko sahani. Kwenye sinia hakuna anayehesabu tonge zako. Ukishiba, mkono wako usitoke: chambua samaki miba, sogezea wenzio minofu, mega kuku umwekee Fundi kwake. Mama yangu mzazi alikula hivyo miaka yake yote ya mwisho, kidonda cha tumbo kilikuwa hakimruhusu, na mimi mpaka nilipokuwa mtu mzima sikujua kwamba mama alikuwa hali.

Kundi lako jipya usilitupe. Usiku nywele zinapokutoka kwa mafungu na ukaona unakufa, yule aliyepita hapo mwezi wa nne na zikamrudia ndiye wa kumpigia. Wao ndio watakaokukumbusha kwamba vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu havimezwi pamoja, vipishane kama saa mbili, na cha chuma usikishushie kwa chai. Hayo Mwalimu hawezi kukusaidia. Ila hiyo mizani ya Jumapili, mwanangu, ikataeni. Miili haiendi mwendo mmoja; kilo kusimama wiki tatu ni kawaida kabisa, na anayepungua upesi leo si lazima awe mzima kuliko wewe. Waambie wapime kila mtu kwake au kliniki, na mkikutana mfanye kitu. Nendeni mkatembee ufukweni asubuhi kabla jua halijakaza, pikeni pamoja, mmoja awafundishe kufuma. Kundi likiwa na kilo tu, siku kilo zikisimama halina cha kuwaweka pamoja. Na nina ombi dogo: wakianza mambo ya mvinyo wa "glasi moja tu", kumbuka pombe sasa inapanda kwako haraka kuliko zamani na kwa kiasi kidogo. Nimeona watu waliobadilisha sahani kwa glasi.

Mume wako anakupenda, anakukinga na maneno. Lakini hao wapya umewajua miezi tisa. Wale wanne walilala kwenye mkeka wako siku saba. Kwa nini uhame?

Kuna jambo moja uliliandika bila kuomba ushauri, la boti ya Zanzibar. Likifika suala la safari tena, litaje wewe wa kwanza. Panda zile ngazi. Kaeni Forodhani jioni, wao wale urojo na mishikaki yao, wewe chukua pweza laini kidogo utafune taratibu, juisi ya miwa uiache, sukari yake nyingi ikiingia ghafla inaweza kukutoa jasho na kukupiga moyo mbio. Mtembee vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka mchoke. Ulikuwa hujawahi kuchoka pamoja nao kwa kutembea.

Mpangilio wako basi: kesho asubuhi simu kliniki, na usimwambie anayepokea kwamba "nina tatizo dogo", mwambie natapika mara nne kwa wiki, ni mwezi wa tisa. Kesho hiyohiyo jioni, Genge. Jumamosi, mfuko wa nguo kwa Fundi. Ukishatoka kwa daktari niandikie walichokuta.

Mama Mkubwa